Nani Alipanga? Uteule na Hiari, Kutoka Kibera Hadi Kawangware

Hema la matanga likisimamishwa katika uwazi wowote uliosalia kati ya nyumba za mabati za Kibera, mlangoni huwekwa meza ya plastiki, na juu yake daftari la shule na bakuli. Kila aingiaye hutaja jina na kutoa alicho nacho, shilingi 50 au 100, na katibu wa kamati huandika jina, kiasi, kisha jumla chini ya ukurasa. Pesa hizo ndizo zitakazolipa bili ya mochari, jeneza, na gari la kusafirisha mwili hadi Siaya, Vihiga au Kitui. Kabla ya maombi ya kufunga, mchungaji husimama na kutamka neno ambalo kila aliyeketi kwenye viti vya kukodi analijua: kazi ya Mungu haina makosa. Watu huitikia amina. Huitikia hivyo hata kama marehemu ni kijana wa miaka 20 na ushei aliyenaswa na waya wa umeme ulioning'inia juu ya mtaro wa majitaka, waya ambao majirani wote walijua uko wazi.

Jumapili inayofuata mchungaji yuleyule yuko mimbarani, katika kanisa lenye mabenchi ya mbao na spika iliyoelekezwa barabarani. Mahubiri yakikaribia mwisho, kinanda hupunguzwa sauti, watu huambiwa wafumbe macho, na mwaliko hutolewa: Mungu hamlazimishi mtu, uamuzi ni wako, anayetaka kuokoka ainue mkono pale alipo. Kimya. Mkono mmoja, halafu wa pili kule nyuma. Matangani kila kitu kilikuwa kimepangwa. Kanisani kila kitu kiko mikononi mwa msikilizaji. Anayeyafuatilia maneno haya kwa makini ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili kanisa linaliamini.

Ukristo umelibishania swali hilo kwa zaidi ya miaka 1,600, na huku kwetu mara nyingi huletwa kama ugomvi wa wasomi wa Ulaya usiomhusu mtu anayepanga foleni ya mtungi wa maji. Mimi naona linamhusu sana. Fundisho la uteule na fundisho la hiari yalizaliwa yote mawili ili kujibu swali moja: moyo wa mwanadamu humrudiaje Mungu? Mitaani kwetu yamepewa kazi nyingine, ya kueleza kwa nini bomba limekauka, kwa nini nyumba imebomolewa, kwa nini fulani kafa. Kazi hiyo hayaiwezi. Yakilazimishwa kuifanya, lile la kwanza humfunga maskini mikono, na hili la pili humtwisha lawama.

Tuanze na lugha yenyewe, maana Kiswahili kimebeba mzigo wa jambo hili kabla ya mmishonari yeyote kukanyaga Nairobi. Kudura, kadari, majaliwa, riziki, nasibu: yote ni maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu, yakakomaa pwani katika vinywa vya Waislamu, kisha yakapanda bara. Neno ajali ndilo linalonigusa zaidi. Leo tukilisikia tunawaza matatu iliyopinduka, lakini asili yake ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu ya kufa. Ndiyo maana wahenga walisema ajali haina kinga. Neno lililomaanisha saa iliyowekwa na Mungu limekuja kumaanisha gari lililokatika breki, na kila tunapolitumia maana ile ya kale inanong'ona chini yake. Kibera yenyewe ilianza kama makazi ya Waislamu, askari Wanubi wa King's African Rifles, na misikiti ya mtaa wake wa Makina ni mikongwe kuliko makanisa mengi yanayoizunguka. Mkristo wa Laini Saba, huko huko Kibera, anaposema imeandikwa, hakulipata neno hilo kwa Calvin. Alilikuta kwenye lugha.

Kwa wasomi wa Kikristo, ubishi ulianza Afrika, ingawa ni ile ya kaskazini. Mwanzoni mwa karne ya 5, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alipambana na mtawa Pelagius aliyefundisha kwamba mwanadamu ana uwezo wa kutosha wa kutenda mema akiamua tu. Augustino aliona hatari ndani ya maneno hayo matamu. Kama wokovu ni jitihada, mwenye nguvu ataokoka na mnyonge ataangamia, na msalaba utakuwa pambo. Akashikilia kwamba neema hutangulia. Hata ile hamu ya kumtaka Mungu ni zawadi ya Mungu. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418, nao katika Afrika, ulimkataa Pelagius. Mwaka 529 mkutano wa maaskofu kule Orange, Ufaransa, ulilikubali fundisho la neema kutangulia, lakini papo hapo ukalaani wazo kwamba Mungu amempangia mtu yeyote uovu. Tutauhitaji uamuzi huo mbele ya safari.

Miaka elfu moja baadaye Calvin, akiwa Geneva, alilipeleka wazo la Augustino hadi mwisho wake: Mungu amechagua tangu milele nani ataokolewa na nani ataachwa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba amri hiyo inatisha. Huko Uholanzi wafuasi wa Arminius walipinga mwaka 1610 wakisema Mungu huwachagua wale anaojua kwamba wataamini, na kwamba mtu aweza kuikataa neema. Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619 iliwahukumu kuwa wamekosea. Uingereza, John Wesley alihubiri dhidi ya uteule mwaka 1739 na kumtibua rafiki yake George Whitefield aliyeushikilia. Walitofautiana vikali, na bado Whitefield alipofariki mwaka 1770 ni Wesley aliyehubiri ibada ya kumbukumbu yake London. Wakatoliki nao walikuwa na vita vyao. Mjesuiti Luis de Molina alichapisha kitabu mwaka 1588 kutetea hiari, Wadominiko wakamrukia, na mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano akafunga shauri kwa kuwakataza wote wawili kuitana wazushi. Hakutoa mshindi. Nadhani ule ulikuwa mmoja wa maamuzi ya busara zaidi katika historia ya mzozo huu.

Ukisimama Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, na kutazama pande zote, utakuta warithi wa mabishano hayo wamekuzunguka. Magharibi, kule Thogoto, ndipo Waskoti walipohamishia misheni yao kutoka Kibwezi mwaka 1898. Ndiyo mizizi ya Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, wajukuu wa Calvin kupitia Ungamo la Westminster la 1646. Kaskazini iko Kangemi na parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, inayoongozwa na Wajesuiti, ndugu wa Molina. Karibu zaidi iko Riruta, na seminari ya Kiorthodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios wa Tatu. Waorthodoksi hawakuwahi kuingia kikamilifu katika ugomvi wa Calvin na Arminius. Kwao neema na utashi wa mtu hufanya kazi pamoja, kama mkono unaovuta na mkono unaoshika.

Hata kuwepo kwa Orthodoksi huko Riruta kunatufundisha kitu. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti iliwataka waumini wake waape kuacha tohara ya wasichana. Desturi yenyewe ilistahili kuachwa, lakini wengi waliona wanaamriwa na wageni, wakatoka, wakaanzisha shule na makanisa yao, na sehemu yao ikatafuta hadi ikapokelewa na Patriaki wa Aleksandria mwaka 1946. Waliofundishwa katika shule za warithi wa Calvin walipoamriwa, walichagua. Hakuna aliyekaa akasubiri kuona limeandikwa nini.

Hata hivyo Wapresbiteri, Wajesuiti na Waorthodoksi si wengi katika vichochoro vya Kibera. Utakutana zaidi na Wapentekoste wa kila jina, Waadventista, Legio Maria iliyozaliwa Nyanza mapema miaka ya 1960, na Africa Israel Church Nineveh ambayo Daudi Zakayo Kivuli aliianzisha mwaka 1942 akitoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori. Juu ya haya yote umepita upepo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika Kenya kutoka Rwanda na Uganda mwaka 1937 na kutuachia lugha ya kuokoka na kukata shauri. Wapentekoste na Waadventista, kwa mafundisho yao, wamo upande wa hiari, nayo lugha ya Uamsho, ya kutubu na kukata shauri, humtaka kila mtu aamue. Kwa hiyo ule usemi wa kwamba yote yamepangwa unastawi hasa katika makanisa ambayo waasisi wao walikataa uteule, wala si katika makanisa ya Calvin. Usemi huo ni kadari ya lugha iliyovaa kanzu ya kanisa.

Na Wakalvini wenyewe, ukiwasoma, hawasemi hivyo. Ungamo la Westminster, katika sura yake ya 3, linakiri kwamba Mungu ameamuru yote yatokeayo, kisha papo hapo linaongeza kwamba yeye si mwanzilishi wa dhambi, kama maaskofu wa Orange walivyokwisha kusema, utashi wa viumbe haulazimishwi, na visababishi vya kawaida vya mambo haviondolewi bali vinathibitishwa. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Maana yake ni kwamba hata aliyeamini uteule kwa nguvu zake zote hawezi, akiutumia huo, kumfutia hatia fundi aliyeacha waya wazi. Mungu anatawala, waya uliachwa wazi na mtu mwenye jina. Sentensi zote mbili zinasimama.

Watu wa Kibera wanalijua hilo kuliko wanavyosema. Angalia mwizi akishikwa sokoni Toi. Hakuna anayesema ilipangwa. Kila mtu anajua kuna mkono ulioingia mfukoni mwa mwingine, na mkono huo ungeweza kutoingia. Lakini madhara yakiwa makubwa, na mkono ulioyaleta ukiwa mbali au ukiwa na nguvu, lugha hubadilika ghafla, kosa likapandishwa mbinguni. Julai 2018 nyumba, shule na makanisa ya Kibera yalibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Masika ya 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 kote nchini, na waliopigwa zaidi Nairobi ni wale wanaoishi kando ya mito. Ramani ya barabara ilichorwa na watu. Mvua hatukuileta, lakini ni watu walioamua nani apate ardhi kavu na nani ajenge ukingoni mwa Mto Ngong. Papa Fransisko alipozuru Kangemi tarehe 27 Novemba 2015 aliyasema haya waziwazi: majeraha ya mitaa hii yamesababishwa na wachache wanaong'ang'ania mamlaka na mali. Hakuyaita majaliwa.

Kisa cha Wanubi ndicho ushahidi ninaoushika zaidi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga zaidi ya ekari 4,000 kwa ajili yao, lakini haikuwapa hati. Serikali zikabadilika, ardhi ikamegwa, wao wakaendelea kuhesabiwa kama wapangaji wasio na kwao. Kizazi cha tatu na cha nne kingekuwa na kila sababu ya kusema hivyo ndivyo tulivyoandikiwa. Badala yake walikwenda mahakamani, wakaandika barua, wakarudi tena na tena, na Juni 2017 wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Ni sehemu ndogo mno ya kilichokuwa chao, lakini ipo. Na hawa ni Waislamu, watu wa kadari kwa imani. Kuamini kwamba Mungu hukadiria hakukuwazuia kujaza fomu.

Haki inanitaka niugeukie upande wa pili, kwa sababu hiari nayo imetumiwa vibaya, na pengine kwa ukatili zaidi. Kuna mahubiri yanayomwambia mama wa Kawangware anayekwenda kila asubuhi kuketi kando ya barabara za Lavington akingoja kibarua cha kufua nguo, kwamba mafanikio yake yako kwenye ulimi wake na kwenye mbegu atakayoipanda leo katika bakuli la sadaka. Asipofanikiwa, imani yake ndiyo iliyopungua. Huyu ni Pelagius amefufuka akiwa na kipaza sauti. Na wahubiri hao hao, wakiona mbegu haioti, hugeuka na kufundisha laana za ukoo: babu yako alifanya jambo, nawe umefungwa. Watu waliokuwa wameambiwa kila kitu ni uamuzi wao sasa wanaambiwa waliamuliwa kabla hawajazaliwa, na ada ya kufunguliwa ni juu yao. Kati ya kadari yote iliyowahi kuhubiriwa, hii ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu haina hata Mungu mwenye huruma nyuma yake.

Mkristo wa mrengo wa Calvin atanijibu kwamba ninaipunguza enzi ya Mungu, na ataniambia nisome Warumi 9, mfinyanzi na udongo wake. Naisoma. Lakini naiona ikiwa sehemu ya kilio. Paulo anaanza sura hiyo akiwa na huzuni juu ya watu wa taifa lake waliomkataa Masihi, na anamaliza hoja yake, sura mbili mbele, kwa sifa na mshangao. Anasema juu ya rehema na ni nani aipokeayo. Kuhusu maafa Injili ina mahali pake. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi hata huyu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu anayakataa majibu yote mawili, lile la laana ya ukoo likiwemo. Katika Luka 13 anakumbushia watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Hasemi walikuwa waovu kuliko wengine, wala hasemi siku zao zilikuwa zimefika. Anawageukia walio hai na kuwataka watubu.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi. Mfiwa akisema kazi ya Mungu haina makosa, anajishikilia asianguke. Nani ana ujasiri wa kumnyang'anya hiyo fimbo? Mimi sina, na sitaki. Neno hilo, likisemwa na aliyefiwa, ni sala. Ni kukubali kwamba maiti iko mikononi mwa Mungu na si mikononi mwa shimo. Ninaloliogopa ni likisemwa na mwenye nyumba, na msambazaji wa umeme, na afisa aliyepaswa kukagua. Likitoka vinywani mwao ni ushahidi wa uongo, maana linamtaja Mungu kuwa mshtakiwa badala yao.

Kisha kuna wale wasemao hiari ni anasa. Huyo mama wa kufua nguo ana chaguo gani, kati ya kodi ya chumba na unga wa watoto? Ni kweli, na anayehubiri uhuru wa mapenzi bila kuitazama hali hiyo anahubiri hewa. Lakini hiari ambayo kanisa liliitetea haikuwa wingi wa bidhaa dukani. Ilikuwa uwezo wa kupenda na kukataa, na uwezo huo haupungui kwa sababu ya mabati. Mama huyohuyo hutoa shilingi zake 200 za chama kila Jumamosi, na zamu ikifika kwa mgonjwa, wanachama huamua kwa kauli moja zamu inayofuata irukwe ili mgonjwa apate mara mbili. Hakuna aliyewapangia. Kinachowabana si upungufu wa utashi. Ni watu wengine walio na utashi pia, na walioutumia vibaya.

Nikiulizwa nasimama wapi, nitasema neema hutangulia, na mtu anaweza kuikataa. Hapo niko karibu na Wesley na Waorthodoksi. Lakini kuna mtu mmoja katika mitaa hii ambaye mbele yake Wesley hanitoshi. Ni mzazi ambaye mwanawe alipotelea kwenye pombe au kwenye genge, na anayemwombea kila Ijumaa kwenye kesha, mwaka wa kumi sasa. Akiambiwa tu kwamba Mungu anaheshimu uamuzi wa kijana, ameachwa mikono mitupu, kwa kuwa kijana amekwisha kuamua, na anaamua vivyo hivyo kila jioni. Anachokiomba ni kwamba Mungu auingie moyo uliofungwa na kuugeuza bila kungoja ruhusa. Magoti yake yanaamini uteule.

Fundisho hilo lilitungwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Monika, mama mwafrika wa Thagaste, alimlilia mwanawe kwa miaka mingi kabla hajabatizwa Milano mwaka 387. Mwana huyo ni Augustino. Miaka 40 na zaidi baadaye, akiwa mzee na amebakiza muda mfupi wa kuishi, aliandika kitabu cha kutetea kwamba kudumu katika imani ni zawadi ya Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, na katikati ya hoja zake akataja kwamba yeye mwenyewe hakupotea kwa sababu Mungu aliyajibu machozi ya kila siku ya mama yake.